Kabla Hujachanga Pesa za Safari ya Gofu, Chagua Viwanja Kwanza

Jina lililotokea kwenye skrini halikuwa la yule ajenti. Rafiki yangu aliliona, akasita. Lakini kwenye kundi la WhatsApp watu saba walikuwa wanamuuliza, "Umeshalipa?", na ajenti mwenyewe alikuwa ameandika kwamba nafasi zinaisha saa sita mchana. Akaweka PIN.

Wiki tatu baadaye walikuwa mpakani Lunga Lunga, watu wanane na mikoba minane ya gofu, na simu ya ajenti haipatikani. Walipopiga uwanja wa kwanza kwenye ratiba yao, wakaambiwa hakuna kikundi chochote chenye jina lao kwenye kitabu.

Rafiki yangu nilisoma naye chuo, sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi hicho. Walichanga kila mwezi kwa mwaka mzima ili wavuke mpaka waje wacheze gofu pwani ya Kenya. Alinipigia akiwa pale pale mpakani. "Shoga, nitawaambia nini watu wa watu?" Pesa zako zikipotea unaumia peke yako. Za wenzako zikipotea mikononi mwako, unaweza kupoteza na wenzako pia.

Kazi yangu ni kuelimisha wateja kuhusu malipo, kwa hiyo huenda unatarajia nianze na mambo ya PIN. Nitafika huko. Ila nilipokaa na rafiki yangu tukarudi nyuma hatua kwa hatua, tuliona kosa lilianza mapema zaidi. Kikundi hakikuchagua viwanja vyake. Ajenti aliwatumia orodha ya viwanja vitano kwa siku tano, wote wakajibu "sawa", wakaanza kuchanga. Hakuna aliyepiga simu uwanja hata mmoja. Na kama hujui unanunua nini, utajuaje unamlipa nani?

Anza na watu

Mjomba wangu ni kedi. Amebeba mikoba ya wachezaji gofu huku Kilifi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwamkia, nikamwonyesha ile ratiba. Akaisoma, akacheka.

"Mwanangu, hii ni safari ya gofu au ni msafara wa harusi? Jumatatu Diani, Jumanne Mombasa, Jumatano Nyali, Alhamisi Vipingo, Ijumaa Malindi. Watapumzika lini hawa?"

Kisha akaniuliza maswali matatu. Wanaocheza kweli ni wangapi, na wanaofuata tu ni wangapi? Mkubwa wao ana umri gani? Na nani kati yao hana pesa ila anaona haya kusema?

Hilo la mwisho lilininyamazisha. Kila kikundi kina mtu huyo. Atasema "sawa" kwenye WhatsApp, kisha atakopa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: uwanja unaowafaa ni ule ambao mtu wa mwisho kwenye kikundi ataumudu, kwa mfuko na kwa miguu. Mashimo 18 ni saa nne au zaidi juani. Mtu wa miaka 30 anaweza kurudia kesho yake. Mzee wa miaka 68, aliyekuwamo kwenye kikundi hiki, angehitaji kigari au siku ya kupumzika, na kigari kina gharama yake.

Viwanja vyenyewe, kutoka mpakani hadi Malindi

Ukitoka Tanga ukavuka Horohoro na Lunga Lunga, viwanja vinafuatana kando ya barabara kama vituo vya matatu. Ndiyo maana inashawishi kutaka kuvicheza vyote.

*Diani.* Uwanja wa Leisure Lodge una mashimo 18, na ndio wa kwanza kuufikia ukitoka mpakani. Kama mnalala Diani kwa sababu ya ufuo, uwekeni. Kama mnalala Kilifi, uacheni. Kurudi Diani kutoka Kilifi kucheza siku moja ni kulipia barabara.

*Mombasa.* Mombasa Golf Club ilianzishwa mwaka 1911. Ina mashimo 9, iko kando ya bahari, karibu na feri ya Likoni. Kwa siku ya kwanza, mwili ukiwa bado una uchovu wa safari, mashimo tisa yanatosha kabisa. Aliye na nguvu atazunguka mara mbili.

*Nyali.* Mashimo 18, kaskazini ya kisiwa, karibu na hoteli nyingi. Unawafaa wanaotaka kulala sehemu moja bila kusafiri.

*Vipingo.* Huu ndio wenye jina kubwa. Vipingo Ridge iko Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 35 kutoka Mombasa, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge. Uwanja wake wa Baobab una mashimo 18 na ulibuniwa na David Jones wa Ireland Kaskazini, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1989. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open, yaliyokuwa kwenye ziara ya Ulaya, yalichezwa hapa mwaka 2019, na mwaka 2023 Aditi Ashok wa India aliyashinda hapa hapa. Uko juu kidogo, bahari unaiona kwa mbali, na upepo hauna mzaha. Kama hendikapu yako ni kubwa, njoo na mipira ya akiba.

*Malindi.* Takriban kilomita 120 kutoka Mombasa. Uwanja wa Malindi Golf and Country Club hauna makuu ya Vipingo. Watu huupenda kwa utulivu wake, na kwa sababu wasiocheza wana pa kwenda: magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na bahari ya Watamu. Kama kuna wake, waume au watoto wanaofuata tu, Malindi inaokoa amani ya nyumba.

Ushauri wa mjomba: viwanja vitatu kwa siku sita. Kimoja chepesi cha kuanzia, kimoja kikubwa cha kusimulia nyumbani, kimoja cha kumalizia polepole. Laleni Kilifi mjini siku za katikati, manake mpo kati ya Vipingo na Malindi, na foleni za Mtwapa mtazipita mara moja tu kwenda na mara moja kurudi.

Upepo, mvua na Jumamosi

Mwezi Mei ni katikati ya masika. Unaweza kupata bei nzuri, na unaweza pia kukaa siku nzima barazani ukitazama maji. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi: jua kali, kwa hiyo ombeni nafasi ya saa moja asubuhi. Julai hadi Septemba ni kusi. Kuna ubaridi kidogo, ila upepo una nguvu zaidi.

Jumamosi mara nyingi wanachama wa klabu huwa na mashindano yao, na wageni husubiri. Kabla hujakata tiketi, piga simu uulize siku zilizo wazi. Uliza pia mavazi (jinzi na fulana zisizo na kola hukataliwa viwanja vingi), na kama mtahitaji cheti cha hendikapu.

Simu hiyo moja ndiyo ingemwokoa rafiki yangu. Ukiongea na uwanja wenyewe, unapata bei halisi, tarehe halisi, na nambari halisi ya kulipia.

Sasa tuje kwenye pesa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kama wewe ndiye mweka hazina, fanya hivi:

1. Andika bajeti kabla ya mchango. Gawa mafungu: ada ya kucheza, vigari, kedi, malazi, gari, dharura. Kila mtu aone na akubali. Asiyemudu aseme wakati huu, kwa ujumbe wa faragha kwako, si mbele ya kundi zima.

2. Taja sarafu. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa takriban shilingi 20 za Tanzania, na kiwango hupanda na kushuka. Mtu akikwambia "elfu kumi", muulize: ya wapi? Weka akiba kidogo kwa mabadiliko hayo na kwa ada ya kutuma pesa nje ya nchi.

3. Lipa uwanja wenyewe, kwa nambari ya biashara. Ukipita kwa ajenti, piga simu uwanjani uthibitishe kwamba nafasi imewekwa kwa jina la kikundi chenu. Nambari ya kulipia itoke uwanjani, isitoke kwenye ujumbe uliosambazwa.

4. Soma jina kabla ya PIN. Jina la mpokeaji likitokea na si lile ulilotarajia, acha. Usijieleze, usiombe radhi. Acha tu, kisha piga simu.

5. Haraka ni ishara mbaya. "Lipa ndani ya saa moja" ni lugha ya matapeli. Uwanja wa kweli utakupa muda wa kuuliza.

6. Hifadhi ujumbe wa kila muamala, na weka picha yake kwenye kundi siku hiyo hiyo.

7. Ukishatuma kimakosa, piga huduma kwa wateja papo hapo. Kila dakika ina maana. Pesa zikishatolewa na mpokeaji, kuzirudisha si jambo la uhakika.

Na kedi msimwache mwisho. Mjomba alishawahi kubeba mkoba mashimo yote 18, mgeni akamwambia, "Nitakutumia nikifika hotelini." Hakutuma. Kubalianeni malipo kabla ya shimo la kwanza, na mlipe kabla ya kuondoka uwanjani. Kwenu ni fungu dogo kwenye bajeti. Kwake ndiyo unga wa jioni.

Walimaliza vipi?

Hawakurudi Dar. Tulikaa kwenye simu mimi, mjomba na rafiki yangu, tukapanga upya: Mombasa, Vipingo, Malindi. Kila uwanja walizungumza nao wenyewe, wakalipa wenyewe. Yule mzee alicheza mashimo tisa Mombasa, Vipingo akapanda kigari, Malindi akakaa kivulini na madafu yake akiwacheka wengine.

Walipiga ripoti polisi. Hadi leo pesa hazijarudi. Usiku wa mwisho rafiki yangu aliwaambia atalipa hasara yote kutoka kwenye mshahara wake, kidogo kidogo. Mzee akamkatiza. "Binti, ulisita. Sisi ndio tuliokuharakisha." Wakaigawa hasara kwa wanane.

Si kila kikundi kina mzee kama huyo. Kwa hiyo mweka hazina wako akiwaambia "subirini kwanza nithibitishe", msimuulize mara ya pili kama ameshalipa. Mwacheni asome jina.