Daftari la Chama na Meza ya Forodha

Katika vyama vya msingi vya wilaya ya Mvomero, ambamo Mzumbe imo, forodha huhesabiwa kuwa jambo la mbali: la Namanga, la Rusumo, la wenye malori. Dhana hiyo huwagharimu wanachama. Ni kweli kwamba mboga za Mgeta, zishukazo kutoka milima ya Uluguru na kutokea Sangasanga karibu na Mzumbe, nyingi huishia katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam, wala hazihitaji hati ya forodha. Lakini mchele wa mabondeni, kama ule wa Dakawa, una wanunuzi hata nje ya mipaka, na anayeumiliki siku ya kuvuka ndiye apataye bei ya huko. Mara nyingi huyo si mkulima wala chama chake.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005. Kwa kanuni zake, mchele uliolimwa katika nchi mwanachama huingia nchi nyingine ya Jumuiya bila kutozwa ushuru wa forodha. Mchele wa kutoka nje ya Jumuiya umewekewa ushuru wa asilimia 75, au dola 345 za Marekani kwa tani, ingawa nchi mojamoja zimekuwa zikikubaliwa kutoza pungufu. Tofauti baina ya sifuri na asilimia 75 inatosha kumfilisi mwuzaji. Nayo hutegemea swali moja tu: mchele huu ulilimwa wapi?

Gunia halijibu swali hilo. Linajibiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, na cheti chenyewe hutegemea ushahidi. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2013, Tanzania iliporuhusu mchele wa Asia kuingia bila ushuru ili bei ishuke. Nchi jirani zikaanza kuushuku mchele uliotoka Tanzania, kwamba huenda ni ule wa Asia, na mkulima aliyelima kwa jembe lake akaingizwa katika shaka ambayo hakuileta yeye. Kwa mahindi, Kenya ilisimamisha uingizaji kutoka Tanzania na Uganda mwezi Machi 2021 kwa ajili ya sumukuvu. Ilipofungua tena siku chache baadaye, ilidai waingizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, na uasili wake uthibitishwe.

Shehena ndogo ina njia nyepesi. Bidhaa iliyo katika orodha iliyokubaliwa, na yenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili na afisa wa forodha mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha peke yake. Cheti cha afya ya mimea bado hutakiwa. Shehena kubwa hufuata taratibu za Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza mwaka 2014: mnunuzi hutoa tamko katika nchi yake kabla lori halijaondoka. Kwa hiyo kosa la hati hugunduliwa mzigo ukiwa ghalani bado, na hiyo ni nafuu kubwa kuliko kulala wiki mpakani.

Kuna daraja la juu zaidi. Tangu Shirika la Forodha Duniani lilipopitisha mwongozo wake mwaka 2005, mamlaka za forodha, ikiwamo ya Tanzania, huwatambua rasmi wafanyabiashara wenye mwenendo mwema. Hao hukaguliwa mara chache na kushughulikiwa mapema. Masharti ni kumbukumbu zinazokaguliwa, fedha zisizoyumba, usalama wa mizigo, na historia isiyo na udanganyifu. Chama cha msingi kimoja ni vigumu kukifikia cheo hicho. Chama kikuu kinaweza. Lakini chama kikuu kikiuza kwa niaba ya vyama ishirini, katibu mmoja akipokea magunia ya mchuuzi na kuyaandika kuwa ya mwanachama, aibu huwafika wote ishirini. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 humtia hatiani atoaye hati ya uongo: kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000.

Kinachotakiwa ghalani si kigumu. Kila mapokezi yaandikwe siku ileile: jina la mwanachama, shamba, uzito, tarehe, namba ya lundo. Mchele wa kununuliwa kwa asiye mwanachama uwekwe mbali na uandikwe kwa jina lake halisi. Wakala wa forodha mwenye leseni ndiye ajazaye tamko, lakini huandika alichopewa, na mwenye mzigo haponi kwa kumsingizia wakala. Katibu akimpelekea jumla ya magunia tu, bila orodha ya walioyalima, wakala hana la kumwonyesha afisa atakapoulizwa.