Homa ya ini aina ya B: Dawa huanzwa kwa vipimo, haiachwi kiholela

MTU anaweza kuishi Githurai au kwingineko katika wadi ya Kiuu, eneobunge la Ruiru, kwa miaka 20 akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B na asihisi lolote. Aghalabu hugundua akiwa katika shughuli nyingine: anapotoa damu ya msaada, anapohudhuria kliniki ya wajawazito, au anapopimwa afya kabla ya kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako virusi hivyo vikipatikana hufungiwa mlango.

Akishapokea majibu, swali lake la kwanza huwa iwapo anapaswa kuanza dawa. Jibu hutegemea hali ya ini lenyewe, na kukosea kwa upande wowote kuna gharama. Anayeanza pasipo haja hujifunga kwenye vidonge kwa miaka mingi. Anayechelewa naye huenda akafika hospitalini tumbo likiwa limejaa maji na ini likiwa limenyauka.

Maambukizi huitwa sugu yanapodumu mwilini kwa zaidi ya miezi sita. Umri wa kuambukizwa huamua mengi. Takriban watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi hivyo, ilhali miongoni mwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Kenya iliingiza chanjo ya ugonjwa huu katika ratiba ya watoto wachanga mwaka wa 2001, kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya aina ya B mwaka wa 2022, na watu milioni 1.1 walifariki mwaka huo kutokana nayo. Kati ya kila 100 walioambukizwa, 13 pekee ndio waliokuwa wamegunduliwa na 3 tu waliokuwa wamepewa dawa.

Faida na mipaka yake

Dawa zinazopendekezwa zaidi ni tenofoviri na entekaviri, ambazo humezwa mara moja kwa siku. Kazi yake ni kuzuia virusi kuzaana. Virusi vinapopungua, ini hupata nafasi ya kujitibu, makovu husimama na wakati mwingine hurudi nyuma, na hatari ya saratani ya ini hupungua, ingawa haitoweki. Kwa mjamzito mwenye virusi vingi, tenofoviri humkinga mtoto, ambaye bado huhitaji chanjo mara anapozaliwa.

Hata hivyo, dawa hizi haziving'oi virusi. Chembe za urithi za virusi hujificha ndani ya kiini cha seli za ini, mahali ambapo kidonge hakifikii. Ni wachache mno wanaoondokewa kabisa na maambukizi. Hapo ndipo aina ya B inapotofautiana na aina ya C, ambayo huponywa kwa vidonge vya takriban miezi mitatu kwa zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100.

Madhara

Tenofoviri huweza kudhuru mafigo na kupunguza uimara wa mifupa, hasa kwa wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu. Ndiyo maana mafigo hupimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Mwenye mafigo dhaifu huweza kupewa entekaviri badala yake.

Sindano za interferoni, ambazo hudungwa kwa takriban mwaka mmoja, zina muda maalumu, lakini huleta homa, uchovu na hata huzuni nzito, na hazimfai mwenye ini lililokwisha kuharibika.

Hatari kubwa zaidi imo katika kuacha dawa. Anayekatiza vidonge kwa sababu amepata nafuu, au kwa kukosa nauli na pesa za dawa, huweza kushambuliwa upya na virusi kwa ukali unaoweza kumwua, hasa ikiwa ini lina makovu.

Aidha, hakuna anayepaswa kuanza dawa kabla ya kupimwa Ukimwi. Tenofoviri ikitumiwa peke yake na mwenye virusi vya Ukimwi, huvifundisha virusi hivyo kuikwepa. Lamivudini, iliyotangulia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitoa funzo kama hilo: baada ya miaka mitano, virusi vya hadi wagonjwa 70 kati ya 100 viliweza kuihimili. Usugu wa virusi vya homa ya ini dhidi ya tenofoviri ni nadra sana.

Mizani

Daktari hutazama mambo manne: kiwango cha vimeng'enya vya ini katika damu, wingi wa virusi, kiasi cha makovu, na historia ya mgonjwa na jamaa zake. Kipimo cha wingi wa virusi ni ghali, lakini makovu huweza kukadiriwa kwa vipimo viwili vya kawaida: kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembechembe za kugandisha damu.

Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2015 ulibana matibabu kwa wenye ini lililonyauka, au waliozidi umri wa miaka 30 wakiwa na vimeng'enya vya juu na virusi zaidi ya 20,000 kwa mililita. Ule wa Machi 2024 ulilegeza masharti: makovu makubwa yanatosha, au virusi zaidi ya 2,000 pamoja na vimeng'enya vya juu, au kuwepo kwa Ukimwi, kisukari au jamaa aliyeugua saratani ya ini.

Kwa mizani hiyo, mwanafunzi wa miaka 22 mwenye virusi vichache, vimeng'enya vya kawaida na ini lisilo na kovu huweza kungoja, mradi apimwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Fundi wa miaka 45 ambaye babake alifariki kwa saratani ya ini hana sababu ya kungoja, hata akijihisi mzima.

Kungoja si kusahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayengoja huacha pombe, huepuka mitishamba inayouzwa kwa ahadi ya kuosha ini, na huwapeleka mwenzi na watoto wapimwe na kuchanjwa.

Wakazi wa Kiuu wana hospitali za umma Ruiru na Thika, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka wa 2019. Kabla ya kupokea kidonge cha kwanza, mgonjwa aulize maswali matatu: ini langu lina kovu kiasi gani, mafigo yangu yako vipi, na dawa hii nitaipata wapi mwezi baada ya mwezi? Swali la tatu lisipokuwa na jibu, atafutiwe jibu kwanza, kwa maana dawa iliyokatizwa huweza kudhuru kuliko ambayo haijaanzwa.