Kayongo, Desmodiamu na Ugali wa Uriri

Ua la kayongo ni zuri kupindukia. Lina rangi ya waridi inayoelekea zambarau, hutokeza katikati ya mahindi baada ya palizi, na mgeni anayepita barabara ya kutoka Rongo kwenda Migori anaweza kudhani wenye mashamba ya Uriri wamejipandia bustani. Mkulima akiliona anajua hasara imeshatokea. Kabla ya kuchomoza, gugu hili huwa limekaa chini ya ardhi kwa wiki kadhaa, limejibana kwenye mizizi ya mahindi, linanyonya.

Wanasayansi huliita Striga hermonthica, Watanzania kiduha. Mche mmoja huzaa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri dalili moja tu. Mmea wa mahindi ukikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo ni wito kwa kuvu wa udongoni, ambao huuletea mmea fosforasi nao hulipwa sukari. Kayongo limejifunza kuudukiza wito huo. Basi shamba lililochoka, lisiloonja samadi wala mbolea, ndilo linaloita zaidi, na ndilo linaloamsha maadui wengi. Mtama na wimbi ni nafaka za Afrika, zimeishi na gugu hili tangu zamani. Hushambuliwa pia, ila huwa na ustahimilivu kiasi. Mahindi yalikuja kutoka Amerika juzi juzi tu.

Mabadiliko ya tabianchi yakitajwa katika kaunti za Migori na Homa Bay, watu hukumbuka mto Kuja unaofurika Nyatike, au Ziwa Victoria lilivyojaa Mei 2020 hadi kuvunja rekodi ya 1964. Hayo yana picha, yanaingia gazetini. Mbali na ziwa njaa huja bila kelele. Mvua ya chwiri, yaani masika, ikikatika wiki mbili tatu wakati mahindi yanachanua, mmea hufunga stomata, vile vitundu vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, ili kubana maji. Kayongo huacha vyake wazi. Linaendelea kuyavuta maji ya mwenyeji wake na kuyapeperusha hewani, na ukame mfupi ambao shamba lenye afya lingeuvumilia unageuka msimu wa hasara. Ongeza viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017 na ambao huzaliana haraka zaidi kukiwa na joto.

Ziwa nalo haliwezi kukuokoa kila mara. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili dagaa hao wazaliane, na hilo ni jambo la busara. Lakini ndiyo miezi ileile ambayo ghala limekwisha na mavuno ya chwiri hayajafika. Mboga za osuga, dek na apoth husaidia, viazi vitamu vya Kabondo vikifika sokoni vinasaidia pia, ila pasipo ugali wengi hapa hawahesabu kwamba wamekula.

Jibu bora ninalolijua lilizaliwa karibu, Mbita, katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Katika miaka ya 1990, Zeyaur Khan, mwanasayansi kutoka India, akishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza, alikuwa akitafuta namna ya kuwadhibiti funza wanaotoboa mabua. Walipanda desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo wanaozaa funza hao. Pembezoni wakapanda nyasi ya napia iwavute wakatage mayai huko. Funza wanaoanguliwa hunaswa na utomvu wake na wengi hufa. Ndiyo sukuma-vuta. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: penye desmodiamu, kayongo lilikuwa karibu limetoweka.

Siri iko mizizini. Desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili, moja ikiziamsha mbegu za kayongo, nyingine ikizuia kimizizi chake kushika mzizi wa mahindi. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Kung'oa kwa mkono hakuwezi kufanya hivyo, kwa sababu anayeng'oa haigusi akiba ya mbegu iliyolala ardhini. Isitoshe, desmodiamu huongeza naitrojeni, na majani yake hufunika udongo usikauke upesi. Kwa maeneo makavu zaidi icipe walikuja na nyasi ya brakiaria mahali pa napia, pamoja na aina ya desmodiamu inayovumilia ukame. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta viwavijeshi kwa kila mmea wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya namna hiyo.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2024 kundi moja la watafiti liliandika kwamba desmodiamu haimfukuzi nondo kwa harufu kama ilivyofundishwa, bali vinyweleo vyake vyenye ndoano huwanasa na kuwatoboa viwavi. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya wakulima magharibi mwa Kenya, wakapima hewa na kukuta harufu hizo zipo. Mimi sioni ubaya. Mahindi yanavunwa huku wao wakibishana.

Kwa nini basi mbinu hii haijaenea kila shamba? Mbegu ya desmodiamu ni ghali, na si kila agroveti inayo. Msimu wa kwanza hukua polepole, asiyeizoea akaing'oa akidhani ni magugu. Asiye na ng'ombe wala mbuzi hukosa nusu ya faida, maana desmodiamu na napia ni lishe. Lakini kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni ardhi yenyewe. Huu ni mmea wa kudumu. Aliyekodi ekari kwa msimu mmoja, au mama anayelima shamba ambalo uamuzi wake uko kwa shemeji, atapanda kwa jasho kitu ambacho mwakani kitamnufaisha mwingine. Mikutano ya tabianchi haigusi sana habari hiyo, labda kwa kuwa haipimwi maabara.

Halafu kuna miwa ya kiwanda cha Awendo, inayoshika shamba mwaka na nusu au zaidi kabla ya kulipa, na tumbaku, iliyomaliza miti mingi Migori kwa kukaushia majani. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianza Migori mradi wa kuwahamisha wakulima kutoka tumbaku hadi maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Bahati nzuri kayongo halishambulii maharagwe, hivyo msimu wa maharagwe ni mapumziko kwa udongo pia.

Anayekosa pesa za mbegu anaweza kukata vipande vya shina la desmodiamu kwa jirani mvua ikishashika, akavipanda kwenye robo ekari na kupalilia kwa makini wiki sita za mwanzo. Akivistawisha, mwaka wa pili naye atakuwa na vya kugawa.