Damu Ielezapo Habari za Mapafu

Mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi walichunguzwa kati ya mwaka 2007 na 2008. Madaktari waliwadhania 528 kuwa na malaria. Vipimo vilionyesha kuwa ni 14 tu walioshikwa na homa kwa sababu hiyo. Homa peke yake, basi, si shahidi wa kutosha.

Je, damu yaweza kueleza ni kiungo gani kinachodhurika? Kuta za vifuko vya hewa mapafuni ni nyembamba mno, ili oksijeni ipenye na kuingia katika damu. Baadhi ya seli zake hutengeneza protini ya safaktanti D, inayosaidia kunasa viini vya maradhi. Kwa kawaida sehemu kubwa ya protini hiyo hubaki mapafuni. Ugonjwa mkali ukiziharibu kuta hizo, protini huvuja, na kiasi chake katika damu huongezeka.

Hata hivyo, protini hiyo haitaji jina la kiini kilicholeta ugonjwa, tena huongezeka pia kwa wavuta tumbaku. Kwa hiyo daktari hana budi kuhesabu pumzi, kupima oksijeni na kuotesha damu maabarani.