Kutazama ndege Ziwa Natron

Kutazama ndege Ziwa Natron ni matembezi ya miguu yanayofanywa na vikundi vya wageni pamoja na waongozaji kwenye tambarare ya kusini mwa ziwa hilo. Kwa kawaida huanzia kijiji cha Engare Sero, Wilaya ya Ngorongoro, kusini-mashariki kwa Loliondo.

Ziwa halina kupwa na kujaa kama bahari, lakini kina chake ni chini ya mita 3, hivyo wakati wa kiangazi ukingo wa maji hurudi mbali na kuacha tope la magadi. Kikundi huondoka alfajiri kwa sababu ya joto.

Ndege anayejulikana zaidi ni heroe mdogo. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliwa hapa. Vitwitwi wapo pia, na kuanzia Septemba hadi Aprili huongezeka ndege wahamiaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Matembezi hayafiki kwenye viota. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvifikia kwa miguu. Tope lilimnasa, magadi yakaingia ndani ya viatu na kumuunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitalini. Tope hilohilo ndilo linalowazuia fisi na mbweha kuyafikia makinda.

Tangu mwaka 2001 ziwa limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.