Vichaka vya maua vinavyofaa viwanja vya Sinza

Wakazi wa Sinza, jijini Dar es Salaam, wanaotaka kupamba nyumba zao kwa maua wanashauriwa kuchagua vichaka vinavyostahimili joto la pwani na vilivyo salama kwa watoto. Eneo hilo lilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma. Viwanja vyake vingi ni vidogo, hivyo kila mche huwa karibu na mlango, ukuta au mahali pa kuchezea.

Lailaki, kichaka mashuhuri cha Ulaya chenye maua ya zambarau, huhitaji majira ya baridi kali ili kichanue vizuri, hivyo hakifai Dar es Salaam. Mwenye kupenda rangi hiyo anaweza kupanda bogenvilia, yenye aina za zambarau, nyekundu, nyeupe na rangi ya chungwa. Hupandwa kwa vipandikizi, hupenda jua la kutwa, na ikimwagiliwa kupita kiasi huota majani mengi na maua machache. Kwa kuwa ina miiba, isipandwe kando ya njia.

Kwa harufu nzuri, asumini hutosha hata kwenye chungu, nayo hupogolewa baada ya kuchanua ili itoe matawi mapya yenye maua. Mhina hufaa kwa uzio: huvumilia ukame, maua yake hunukia, na majani yake hutoa hina. Hibiskasi huchanua karibu mwaka mzima, ingawa kila ua hudumu takribani siku moja.

Tahadhari inahitajika kwa oleanda, ya waridi na ya manjano. Sehemu zake zote zina sumu inayoathiri mapigo ya moyo. Mtoto akiila, afikishwe haraka kituo cha afya pamoja na kipande cha mmea huo. Asisubiriwe kuonesha dalili.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua za masika, mwezi Machi, au za vuli, mwezi Oktoba. Visahani vya vyungu vimwagwe maji na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mbu waenezao homa ya dengue, iliyolikumba jiji mwaka 2014 na 2019, huzaliana katika maji kidogo yaliyotuama.