Nairobi Hata New York: Saa za Tikiti na Saa za Safari

Wazazi wengi wa Kitengela na Kajiado wana watoto walio Marekani kwa masomo au kazi. Kila aondokapo mmoja, maswali ni yale yale: ni mbali kadiri gani, na atafika saa ngapi? La kwanza ni rahisi. La pili huweza kumkosesha mtu ndege.

Toka kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta hata kile cha John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,800 hivi, yaani maili 7,300 na zaidi. Zamani msafiri hakuwa na budi kushuka njiani, Ulaya au Arabuni, na kungoja ndege nyingine. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianzisha safari isiyo na kituo, kwa ndege ya Boeing 787, ivukayo bara la Afrika na Bahari ya Atlantiki kwa mfululizo.

Kwenda huchukua muda wa saa 15 hivi, na kurudi saa 14. Sababu kubwa ni upepo. Juu sana angani, katika nchi za kaskazini, upepo mkali huvuma toka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani hupambana nao, na irudiyo husukumwa nao. Mwenye baiskeli katika mbuga za Kitengela aujua vema upepo wa namna hiyo.

Basi tuseme ndege yaondoka Nairobi saa 5.25 usiku na kufika New York saa 12.25 asubuhi. Ahesabuye kwa vidole atapata muda wa saa 7 tu. Lakini kila saa iliyoandikwa katika tikiti ni ya mji wake. New York iko nyuma ya Kenya kwa saa 8 wakati wa baridi, na kwa saa 7 toka Machi hata Novemba, kwa kuwa huko watu husogeza saa zao mbele. Saba na nane ni kumi na tano. Mtoto atuapo wakati wa baridi, Kajiado ni saa 8.25 mchana. Mama asiyejua hayo hushinda na simu iliyo kimya, akidhani msiba umetokea.

Iko hatari nyingine. Siku ya tikiti huanza saa 6 usiku. Tikiti isemayo 00.30 Jumanne maana yake ni usiku wa kuamkia Jumanne. Msafiri yampasa awe kiwanjani Jumatatu jioni. Akienda Jumanne usiku, ndege ilikwisha kuondoka, na nauli iliyopatikana kwa kuuza ng'ombe huenda isirudi.

Tena safari haianzi kiwanjani. Njia ya Kajiado hupita Isinya, Kitengela na Athi River, na msongamano wa magari huweza kula muda mrefu. Afadhali kungoja kiwanjani kuliko kuiona ndege ikipita juu ya Kitengela, na msafiri angali katika matatu.